Kisu Kisichonuka Kondoo

Bobore Zidda alisema jambo lile lile kwa mara ya nne, na safari hii alilisema polepole, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu. Kisu chake kilikuwa Tilipera, kwa Mjomba Bantine mfua visu. Kilikatika ncha Jumatatu ya wiki iliyopita alipokuwa akichokoa jiwe kwenye kwato ya dume, na Jumanne akampa dereva wa lori la maziwa akipeleke. Jumatano, siku Paskale Burrai alipochomwa kisu kando ya ukuta wa mawe, mfuko wa Bobore ulikuwa mtupu. Ndiyo maana walipompekua hawakukuta kitu.

"Niliwaambia siku ya kwanza, Afande. Nikawaambia na ya pili."

Sajini Efisiu Corongiu alifungua jalada. Lilikuwa na kurasa kumi na moja. Liliandika kwamba mtuhumiwa ni mchungaji wa miaka ishirini na mitatu, kwamba aligombana na marehemu mbele ya watu kuhusu malisho, na kwamba alikamatwa bila kisu akashindwa kueleza kilipo. Sajini alilirudia neno lile la kushindwa, kisha akamtazama kijana mdomoni. Meno mawili ya mbele hayakuwapo na fizi zilikuwa bado mbichi.

"Uliwaambia kabla ya hayo meno au baada?"

"Kabla. Baada yake sikuweza kusema vizuri."

Sajini alifunga jalada. Kapteni wa wilaya ndiye aliyeliandika, na Kapteni alikwisharudi mjini na pongezi zake. Kesho Ijumaa, saa sita mchana, hakimu mchunguzi angetia saini hati ya kumsafirisha Bobore bara kwa meli ya jioni. Sajini alikuwa amewaona wachungaji wengi wa Sardinia wakipanda meli ile kwa kesi za mauaji. Waliorudi walirudi wazee. Kwa wengine, kilichorudi ni barua tu.

Alichukua bahasha yenye kisu kilichookotwa, akawasha jipu.

Njia ya Tilipera inapita kando ya ukuta ule. Uliinuliwa kwa amri ya mfalme, miaka mia na thelathini na ushei iliyopita, mwenye nguvu aruhusiwe kuzungushia mawe ardhi iliyokuwa ya wote. Wachungaji wa kijiji cha Orvanile wanauzungumzia hadi leo kama uliojengwa wiki iliyopita, na hawakosei, kwa kuwa bado umesimama. Ndani ya ukuta ni msitu wa tajiri Don Zenobi, mialoni ambayo magome yake hutengenezewa vizibo vya chupa za mvinyo. Humo ndimo Paskale Burrai alimowasimamisha wachuna magome siku kumi na mbili, wakiwa hawagusi shoka. Hawakudai makubwa. Walitaka mtu akianguka kutoka mtini apelekwe hospitali kwa gari la tajiri, si kwa punda. Siku ya kumi na tatu Paskale alikutwa chini ya ukuta, na kisu cha kukunja kimeangukia kwenye mwanya wa mawe hatua tatu kutoka alipolala. Siku ya kumi na nne mashoka yalirudi mtini. Magazeti ya bara yaliandika kwamba wachungaji wamechomana tena, na wasomaji wa bara wakafungua ukurasa mwingine.

Mjomba Bantine Sulas alikuwa na miaka sabini na minane na macho ya mtu wa arobaini. Sajini hakuwa amemaliza kuuliza mzee alipoinuka, akapapasa kwenye kopo la visu vya kutengenezwa, akatoa kimoja chenye karatasi iliyofungwa kwa uzi. Zidda, Orvanile, ncha. Chini yake tarehe ya Jumanne.

"Kijana amesema kweli," alisema. "Ulitarajia nini?"

Sajini alikiweka cha bahasha kando ya kile, juu ya kipande cha ngozi. Alisema hakuja kuuliza kama ni silaha; daktari alikwishapima jeraha na bapa, vikaafikiana. Alitaka Mjomba akitathmini kama angeletewa na mteja. Je, hiki ni kisu cha kutembea nacho kila siku, na siku hizo ni za mtu wa kazi gani?

Mzee alianza kwa kunusa. Alinusa cha Bobore, akakunja uso kidogo kama aliyefungua mlango wa zizi. Alinusa kile kingine, akanusa tena, akakitua.

"Hakinuki kondoo."

"Pengine kimesafishwa."

"Kisu cha mchungaji hakisafishiki. Shika."

Sajini alikishika cha Bobore. Mpini wa pembe ulikuwa laini, unang'aa, kama uliopakwa siagi. Miaka ya mafuta ya manyoya na jibini ilikuwa imeingia kwenye pembe hata haikuwa na ufa. Kwenye ribiti, pale bapa linapozungukia, kulikuwa na utando wa manjano. Bapa lilikuwa la kijivu, lenye madoa, limenolewa pande zote mbili mpaka limekonda. Lilifunguka kwa vidole viwili, likakaa.

Kisha akakishika kile kingine. Pembe ilikuwa kavu, na ufa mwembamba ulianzia kwenye ribiti kuelekea nyuma. Kuanzia ncha hadi katikati, bapa lilikuwa jeusi la bluu, kana kwamba lilichovywa kwenye wino.

"Ni damu?" aliuliza, ingawa alijua si damu.

"Damu hukaa nyekundu ya kutu. Huo weusi ni wa maji ya gome la mwaloni. Chuma cha pua kikilala kwenye maji yale huvaa rangi hiyo, na haikitoki hata kwa mchanga. Lakini usiniamini mimi. Lete bilauri."

Alichukua sindano, akachokoa ndani ya mpini, mahali bapa linapolala likikunjwa. Vumbi la kahawia lilidondoka. Alilikusanya kwa ncha ya kidole, akalimwaga kwenye maji. Uchafu wa mfukoni ulizama. Chembe za kahawia zilibaki juu, zikazunguka polepole, zikakaa.

"Kizibo," alisema Sajini.

"Kondoo hana unga unaoelea."

Mzee hakuishia hapo. Alikiinua kisu kwenye mwanga akamwonyesha makali: yamenolewa upande mmoja tu, upande wa pili umeachwa tambarare. Mtu wa kawaida akikata nacho mkate, kinamvutia kushoto na kipande kinatoka kimekonda huku, kinene huku. Ila kwa mtu anayelaza kisu juu ya ubao wa gome na kufyeka kona aone ndani mna ubora gani, hakuna makali yanayofaa kuliko hayo. Karibu na ribiti pembe ilikuwa na kibonde. Kidole kidogo cha mtu mmoja kilikuwa kimekaa hapo miaka na miaka, kikizuia bapa, kwa kuwa ribiti ilikuwa imelegea.

"Wewe ungetembea nacho?"

"Mimi? Jibini litakuwa chungu. Ukichonga nacho kijiti cha kuchokolea meno, kitakwenda upande. Mfukoni ni kizito kichwani, kitakutobolea bitana. Hiki ni kisu kibaya kwa watu wote isipokuwa mmoja, Sajini. Na huyo mmoja hakukiacha kwa hiari. Alikosa muda wa kukitafuta."

"Hakimu atasema mchungaji anaweza kuwa na visu viwili."

"Anaweza kuwa na wake wawili pia. Kijiji kingejua siku hiyo hiyo."

Sajini aliuliza mtu huyo mmoja ni nani. Mzee alirudi kwenye tupa yake. "Mimi natengeneza visu," alisema. "Majina wanatengeneza mapadri."

Kutoka posta ya Tilipera alimpigia simu hakimu mchunguzi, bwana Ferrantelli, mtu wa bara aliyekuwa na mwaka mmoja kisiwani na tayari anauhesabu wa pili. Hakimu alisikiliza yote: karatasi ya Jumanne, wino wa gome, chembe zinazoelea. Alijibu kwa upole kwamba harufu na bilauri ni mambo ya jikoni. Kisu cha Bobore kipo Tilipera, vyema. Basi hiki kingine ni cha nani? Kama si cha kijana, aletewe mtu mmoja, mmoja tu, mwenye jina na saini yake, aseme ni cha nani. Kabla ya saa sita kesho. Vinginevyo yeye ana jalada la Kapteni, na jalada limekamilika.

Mtu mmoja. Orvanile mwanamume hula kwa kisu chake mwenyewe, akikiweka kando ya mkate, na watu wanaokula pamoja hukijua kisu cha mwenzao kama wanavyojua kikohozi chake. Walioifahamu pembe ile yenye kibonde hawakupungua sitini. Sajini alikuwa amekwishawauliza thelathini na mmoja, na wote macho yao yalikuwa mabovu wiki ile. Hakuwalaumu kwa sauti. Mara ya mwisho kijiji kile kumtajia mtu wa sare jina moja, babu zao walihesabu watu kumi na wanne wakiondoka na minyororo, na huyo mmoja hakuwamo.

Ijumaa, saa nne asubuhi, aliingia kwenye uwanja wa magome wa Don Zenobi peke yake.

Masufuria makubwa yalichemka, mbao za magome zikigeuka ndani ya maji meusi, na wanawake wenye mikono ya rangi ya chai wakizivua kwa kulabu. Kengele ya chakula ilikuwa imelia. Watu walikaa juu ya malundo, wamefungua vitambaa vyao: mkate mkavu mwembamba, kitunguu, jibini, mafuta ya nguruwe. Visu vilikuwa nje. Mnyapara Zosepe Manchinu, ambaye kazi yake ilikuwa kufyeka kona za mbao na kutamka daraja la ubora, alikaa kidogo juu kuliko wenzake. Kisu chake kilikuwa kipya, chenye mpini wa njano wa dukani, kigumu hata alikuwa akikifungua kwa mikono miwili.

Sajini alisalimia, akaomba kuketi. Alitoa kisu kwenye bahasha, akakiweka juu ya ubao katikati yao. Alisema, akiwa amezoea kudharauliwa kama mtu wa tambarare asiyejua visu vya milimani, kwamba anafikiria kununua kisu cha mtindo ule cha kutembea nacho. Wao ndio wanaojua. Kinafaa?

Hakuna aliyeuliza kimetoka wapi. Hakuna aliyetafuna.

Wa kwanza kukichukua alikuwa Lussurzu Pira, mchuna magome mrefu aliyekuwa mkono wa kulia wa Paskale siku za mgomo. Alikipima mkononi, akakitikisa sikioni.

"Kinalia kama njuga ya mbuzi," alisema. "Ukitembea nacho, mkeo atajua unatoka wapi."

Watu walicheka kidogo. Alimpa jirani yake, mzee mmoja waliyemwita Tottoi. Tottoi alijaribu kukata mkate, kipande kikaenda upande.

"Kimelewa hiki. Aliyekinoa alikuwa amelala upande mmoja."

"Na pembe," alisema mwingine. "Hii ni pembe ya dume gani? Dume aliyekufa kwa aibu."

Kikazunguka. Kila mkono uliokishika ulikuta kasoro na kila kasoro ilipata kicheko chake, kifupi, kikavu. Sajini aliacha wazungumze. Aliangalia mikono. Wote walikifungua kwa uangalifu wa mtu anayegusa kitu cha mgeni, wote walijaribu ribiti kwa kidole gumba. Manchinu peke yake hakukigeukia. Alikata jibini lake na kisu cha njano, vipande vidogo, vingi kuliko alivyokuwa akila.

Kilimfikia Mintonia Coratza, mjane wa miaka sitini, mkuu wa wanawake wa masufuria. Watu wote pale walimwita Shangazi. Alikiinua mbali na macho yake.

"Bapa si baya," alisema. "Chuma cha springi ya lori, cha zamani. Walikiharibu kwenye ribiti. Aliyeigonga ribiti hii alilipwa kwa mvinyo, na alilipwa kabla ya kazi."

Safari hii hakuna aliyecheka.

"Mpe huyo sajini cha kumenyea viazi," aliendelea Shangazi, akikitua kwenye ubao kama anayetupa ganda. "Fundi wa hiki hakuwa na mikono. Afadhali angezaliwa na kwato."

"Ni nyie msio na mikono," alisema Manchinu.

Alishuka kutoka kwenye lundo. Uso wake ulikuwa umeiva. Alisema, bila kumtazama mtu, kwamba kisu hakipimwi kwa mkate na wanawake. Kwamba ribiti ile imeachwa hivyo makusudi, ikikazwa pembe inapasuka. Kwamba anayejua kazi hulaza kiganja kidogo nje, akafunga kidole kidogo hapa, na kisu kinakwenda wima kama kamba ya mwashi. Alikichukua. Hakukijaribu. Alikifungua kwa mkono mmoja kwa kukisugua pajani, akavuta ubao, akafyeka kona yake mara moja. Kipande kilidondoka sawasawa, chembamba, safi, kinapitisha mwanga.

"Hivyo," alisema.

Akafuta bapa kwenye suruali, kushoto, kulia. Akakikunja. Akakitia mfukoni mwake, mfuko wa kulia, akageuka kurudi kwenye chakula chake.

Masufuria yaliendelea kuchemka. Manchinu alipiga hatua mbili kabla ya kusimama. Mkono wake ulirudi mfukoni ukabaki humo.

"Nimepitiwa," alisema.

"Nipe," alisema Sajini.

Alikitoa. Sajini alikipokea kwa leso, akakirudisha kwenye bahasha, akamfunga pingu mbele ya watu wote. Manchinu hakupigana. Alitamka jina la Don Zenobi mara mbili, mara ya kwanza kama kitisho, mara ya pili kama mtu anayemwita daktari.

Ilikuwa saa nne na dakika arobaini. Sajini alitoa karatasi na kalamu. Aliwaambia anachotaka hakimu. Alichoona yeye mwenyewe hakitoshi. Wakili wa tajiri atasema mnyapara alisahau, kama mtu anavyoondoka na kiberiti cha mwenzake. Anahitaji mtu mmoja aseme kisu ni cha nani. Asipompata, Bobore anapanda meli.

Alimtazama Lussurzu.

"Sisi tulikuwa tunazungumzia kisu, Afande. Uliuliza kama kinafaa. Hakifai."

"Mlijua ni cha nani. Ndiyo maana mlikitukana."

"Nimekiona leo."

Alimuuliza Tottoi, naye akasema macho yake. Aliwauliza wengine watano, mmoja mmoja, na kila mmoja alitazama chakula chake kama kilichomkosea. Sasa alielewa walichokuwa wamefanya: walikuwa wamemkabidhi yule mtu, mzima-mzima, mkononi mwake, mbele ya jua, bila hata mmoja wao kutamka jina. Walikwishafika mwisho wa ujasiri waliokuwa nao. Na sheria ya bara, iliyotungwa na watu wasiokula kwa visu vyao, haikuwa na mahali pa kuandika kicheko.

Saa tano kasorobo. Safari ya mjini ni saa nzima kwa jipu.

Mintonia Coratza alikuwa amesimama kwenye sufuria, anafuta mikono kwenye aproni. Aliifuta muda mrefu.

"Nyumba ninayolala ni ya tajiri," alisema. Hakumwambia mtu fulani.

"Najua, Shangazi."

"Unajua, lakini hulali humo." Alikuja akaketi juu ya lundo, akajivutia ubao awe na pa kuandikia. "Andika. Kisu ni cha Zosepe Manchinu. Bapa ni la baba yake, na baba yake ndiye aliyegonga ribiti, na hakuwa mlevi, Mungu anisamehe. Nimekula mkate mbele ya kisu hicho miaka kumi na tisa. Jumatano ile asubuhi kilikuwa mkononi mwake. Alhamisi alikuwa na cha njano."

Sajini aliandika. Alimsomea. Aliuliza kama atatia dole gumba.

"Nilijifunza kuandika nikiwa na miaka hamsini na moja," alisema. "Unadhani nilikuwa nataka kumwandikia nani? Lete kalamu."

Aliandika jina lake lote, kubwa, akikandamiza hadi karatasi ikatoboka kwenye herufi ya mwisho. Kisha akauliza kama anahitajika kwenda mjini naye. Sajini alisema hapana, saini inatosha kwa leo; hakimu atamwita. Alijibu kwamba ni vizuri, kwa sababu ana kazi nyumbani. Ana kitanda, kabati, sanduku na kuku sita, na angependa vitoke mlangoni kwa miguu yao kabla watu wa Don Zenobi hawajaja kuvirusha dirishani.

Alivua aproni, akaikunja, akaiacha juu ya ubao. Akaondoka uwanjani bila kusubiri kengele.

Sajini alimpakia Manchinu kwenye jipu. Alipowasha, aliwaangalia mara ya mwisho wale wanaume waliobaki juu ya malundo, kalamu ikiwa bado mkononi mwake, karatasi ikiwa na nafasi ya majina mengine kumi. Hakuna aliyeisogelea. Lussurzu aliinuka kwanza, kisha Tottoi, kisha watatu wengine. Walikunja visu vyao, wakavitia mfukoni, wakamfuata Mintonia.

Alipitia kituoni kuchukua jalada, na kwenye kona ya kanisa akawakuta tena. Walikuwa wamebeba kitanda, watu wawili kila upande, na Tottoi nyuma na kuku kwapani. Walijibana ukutani jipu lipite. Sajini alipunguza mwendo. Hakuna hata mmoja aliyemtazama.